Sajenti wa Majeruhi wa Uongo

Mtu wa kwanza kunipaka damu ya mbuzi usoni alikuwa Sajenti. Nilikuwa na wiki mbili tu katika kitengo cha tiba, buti bado zinanichubua, nikaitwa mbele ya wenzangu na kuambiwa nikae juu ya ndoo. Akachovya mkono kwenye sufuria, akanipaka kuanzia sikioni hadi shingoni, akanifunga kitambaa kidevuni na kuwatangazia wote, "Huyu taya limevunjika. Haongei." Mimi, msichana ambaye mama yangu alikuwa akisema nitaongea hata kaburini, nililala kwenye jua la Itigi tangu saa nne hadi saa saba bila kutamka neno. Aliponifungua aliniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia nimejifunza kwamba nzi hawana huruma. Alicheka hadi akakaa chini, na tangu siku hiyo jina langu likawa Taya.

Sajenti alimwita kila mmoja wetu kwa jeraha lake la kwanza. Tulikuwa na Kifua, Goti, Jicho, na kijana mmoja wa Kinyangiri aliyeitwa Elia. Elia siku yake ya kwanza alifungiwa utumbo wa mbuzi juu ya fulana, basi akabaki kuwa Tumbo, ingawa yeye mwenyewe tumbo hakuwa nalo kabisa. Mzee wetu tulimwita Sajenti, na hata baadaye alipopandishwa cheo hakupenda aitwe vingine. Jina lake sitaliandika. Wanaomjua watamjua, na wasiomjua jina halitawasaidia kitu.

Kazi yake ilikuwa kutufundisha kumhudumia mtu aliyeumia vitani, lakini miaka ile aliongezewa nyingine, ya kujaribu vifaa. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Watu waliozoea kupanga foleni ya sabuni walianza kuona sabuni za rangi tatu kwenye duka moja, na mitumba ikafika hadi Mkiwa. Jeshini nako vitu viliingia: machela za kukunja, banzi za kupuliza kwa mdomo za kufungia mguu uliovunjika, mikanda ya kuzuia damu yenye vifungo vya plastiki. Kila kitu kilikuja ndani ya boksi, na karatasi ya maelezo ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeisoma vizuri. Sisi tulishangilia. Tulikuwa watu wa kufua bendeji na kuzianika kwenye kamba, leo unapewa bendeji mpya ndani ya nailoni! Sajenti alitutazama tukishangilia, akasema, "Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Pakieni magari, twende kichakani."

Anayekijua kichaka cha Itigi hahitaji kuelezwa. Miti yake si mirefu, lakini imeshikana hata mbuzi anatafuta pa kupitia, na miiba ipo ya kila saizi. Huko ndiko Sajenti alikopeleka kila boksi. Hakuamini jaribio la mezani. Alitaka mfungaji awe amekimbia kwanza, mikono iwe na damu na vumbi, na jua liwe limepanda. Damu tuliipata kwa mbuzi tuliyemchinja asubuhi, na alihakikisha anachinjwa na Mwislamu, ili jioni nyama yake iwe ya wote. Kabla ya kumfunga mtu kifaa chochote alijifunga yeye. Nilimwona amekaa juu ya kisiki, mkanda mpya umebana paja lake hadi mguu umebadilika rangi, anatazama saa na kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti mbaya sana.

Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri na nilijua kupiga taipu, kwa hiyo daftari la majaribio lilikuwa langu. Alinisomea maneno, mimi nikaandika. Banzi za kupuliza zilitoboka tatu siku ya kwanza, kabla ya kumaliza mwendo wa mita mia. Akaniambia, "Andika: inafaa wodini. Kichakani inafaa miiba." Nikamuuliza kama kweli niandike hivyo. "Andika ulichokiona," akasema, "si ulichotamani kukiona." Hayo maneno aliyarudia mara nyingi hadi Goti akawa anayaigiza nyuma yake, na mabega ameyapandisha vilevile.

Hakuwa mtu wa hadithi za vita, ingawa vitani alikuwa amekwenda. Tukimuuliza, alijibu neno moja. "Sikumwona aliyekufa kwa risasi. Niliowaona walikufa kwa damu." Ndiyo maana mfukoni hakukosa kipande cha khanga kuukuu cha mke wake na kijiti kifupi cha mkole. Kwa khanga na kijiti, alisema, amezuia damu ya watu ambao leo wana wajukuu. Sisi vijana tulivicheka vile vitu. Tulimwona mzee wa mambo ya kale, anayeona haya kuachana na umaskini.

Na mtu huyohuyo aliogopa sindano. Nalisema hili kwa mapenzi, naye angenisamehe. Alikuwa akishikwa na malaria anameza klorokwini, anajikuna siku tatu usiku na mchana, lakini sindano hataki kusikia. Safari moja homa ilimzidi, daktari wa kambi akaamuru achomwe. Aliniita mimi, akanishika mkono kwa nguvu nikahisi mifupa inasagana, akaniamuru nitazame ukutani. Sindano ilipotoka, jasho likimtiririka, alisema, "Taya, ukilisema hili utachimba handaki hadi Manyoni." Sikulisema hadi leo.

Alikuwa mkali wa maneno, lakini hakupata kumpiga mtu wala kumnyima mtu chakula. Aliyekosea alibeba maji. Mke wake, aliyekuwa akiuza vitumbua nje ya lango la kambi tangu biashara zilipofunguliwa, hakumruhusu kuingia ndani na nguo za mazoezi. Tulikuwa tukipita tunamkuta Sajenti mzima amesimama uani na kaptula, anamwagiwa maji, anafokewa kwamba damu ya mbuzi haitoki kwenye shuka. Akituona alitupigia saluti.

Shida yetu kubwa kichakani haikuwa jua wala miiba. Ilikuwa adabu. Kulikuwa na mzee mrina asali ambaye hakujali kwamba jeshi lina mazoezi. Mizinga yake ilikuwa mle, na kila siku alipita akisukuma baiskeli, ndoo zimefungwa nyuma. Siku ya kwanza alitukuta tumelala sita njiani, damu kila mahali, na Elia utumbo uko nje. Mzee akashika kichwa. Elia, ambaye kwa mujibu wa Sajenti alikuwa amezimia, akafumbua jicho moja, akaona mvi, akasema, "Shikamoo babu." Goti, ambaye alikuwa amekufa kabisa, naye akasema shikamoo. Baiskeli ikamponyoka mzee.

"Marahaba, wajukuu zangu," akajibu. "Nani amewaua?"

Sajenti alitoka kichakani anafoka. "Mtu aliyezimia haamkii! Nimesema mara ngapi?"

"Afande," Elia akasema, bado amelala, "mzee kabisa yule. Nyumbani ningepita hivi hivi, wangenishangaa ukoo mzima."

Sajenti akaona hapo pana mtihani. Akaongea na yule mzee, akampa sukari na chumvi, wakakubaliana kwamba kila siku apite katikati ya majeruhi akiwatazama usoni, na atakayemwamkia atabeba maji ya kambi. Wengi tulijikaza, wengine tuliuma midomo. Elia hakuweza. Alifumba macho, akaziba sikio moja kwa bega, lakini akisikia tu mnyororo wa ile baiskeli, shikamoo ilimtoka. Siku tatu mfululizo alibeba maji, na yule mzee akawa anamletea kipande cha sega la asali kwa kumwonea huruma.

Siku ya nne, saa nane mchana, Elia alitangulia kusafisha njia ya kupitisha machela. Alikuwa ameshapakwa damu ya mbuzi miguuni, kwa sababu baadaye ilikuwa zamu yake kuwa majeruhi. Panga likagonga tawi kavu la mkole, likateleza, likamkata paja kwa ndani. Alipiga hatua chache akaanguka. Wenzake waliokuja nyuma walimkuta amelala kwenye damu, wakadhani ameanza kazi yake mapema. Goti alimruka. Mimi nilipita nikamtazama, nikaandika kwenye daftari, "Tumbo: leo anaigiza vizuri." Niliandika nilichotamani kukiona. Nikaendelea na safari.

Aliyemwokoa ni mrina asali. Alipita na baiskeli yake kama walivyopatana, akamtazama kila mmoja usoni, kisha akaiacha baiskeli njiani na kumfuata Sajenti mbio, mzee wa umri ule. "Afande," akasema, "yule mjukuu wangu leo hajaniamkia."

Sajenti hakuuliza swali. Alikimbia, akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye damu, na damu ilikuwa ya moto. Ya mbuzi ilikuwa imeganda tangu asubuhi. Akapiga kelele tulete mkanda. Nikampa mkanda mpya, akaupitisha pajani, akakaza, kifungo kikakatika. Nikampa wa pili, nao ukakatika, kipande cha plastiki kikanirukia shavuni. Akautupa. Akatoa khanga yake na kijiti, akafunga, akasokota, na damu ikasimama. Alishikilia kile kijiti kwa mkono wake mwenyewe ndani ya Landrova hadi hospitali. Elia alipona. Alitoka akichechemea, lakini alitoka.

Jioni nilimkuta Sajenti nyuma ya gari ananawa mikono. Alikuwa ananawa na analia, wala hakujificha. Nikampa daftari ili aone niliyoyaandika, kwa sababu nilitaka aniadhibu. Aliusoma ule mstari wangu. "Usiufute," akasema. "Chini yake andika kilichotokea, neno kwa neno, na ile mikanda miwili." Niliandika. Ripoti aliyoitunga tuliporudi kambini ilikuwa fupi na wazi. Mikanda haifai, isipokelewe. Na ukurasa mzima ulikuwa wa Elia.

Mkubwa wetu alikuwa Meja mmoja, mtu mpole, msomi, asiyepandisha sauti. Nilikuwa chumba cha pili nikawasikia. Meja alisema ajali ya panga ina faili lake, si jaribio la kifaa. Sajenti akajibu, "Afande, hilo ndilo jaribio pekee la kweli tulilofanya." Nilijivuna kuwa chini ya mtu yule. Nilidhani yameisha.

Siku mbili baadaye Meja akaniita mimi. Akanimiminia chai. Akasema wakubwa wameshaamua kuhusu mikanda, na hii ni karatasi tu ya kukamilisha. Ninapoipiga taipu, ule ukurasa wa ajali niuache, na neno "haifai" liwe "inafaa kwa masharti." Hakunitisha. Alinikumbusha tu kwamba orodha ya watakaokwenda kusomea uuguzi iko mezani kwake, na kwamba jina langu limo. Nilikuwa nimeutamani uuguzi tangu utotoni. Nikarudi kwenye taipureta yangu, nikapiga kama nilivyoambiwa. Sikukosea hata herufi moja.

Sajenti alipokuja kutia sahihi nilimwekea karatasi mbele, nikageukia dirishani nikijifanya natazama wanaofyeka majani. Sikuweza kumtazama. Nilisikia kiti, nikasikia kimya, nikasikia kalamu. "Ahsante, Taya," akasema, akatoka. Mtu aliyetuamuru kusoma hata kibandiko cha chupa tupu, nikajua ametia sahihi bila kusoma kwa sababu aliniamini mimi. Huo ndio mzigo nilioondoka nao jeshini.

Nilisoma uuguzi, nikaolewa, nikaajiriwa kwenye zahanati upande wa Itigi. Sajenti alipandishwa cheo, na nikaambiwa kila anayemwita kwa cheo kipya anasahihishwa: "Niite Sajenti." Watu walisema ni unyenyekevu, nami nilisema hivyohivyo. Alipostaafu alifungua duka la dawa baridi pale njiapanda ya Mkiwa. Basi likipita pale nilikuwa nainamia begi langu hadi tuvuke. Alinitumia salamu mara mbili kwa watu. Sikuzijibu.

Ikapita miaka. Mdogo wangu wa mwisho akajiunga na jeshi, akaja likizo, akatandaza vitu vyake vyote kitandani atuonyeshe. Kati ya soksi na bakuli la chakula kulikuwa na mkanda wa kuzuia damu wenye kifungo cha plastiki. Niliushika, nikaugeuza. Ni uleule. Akasema kwa fahari kwamba kila mmoja wao anao. Usiku ule sikulala, na asubuhi nikapanda basi la Mkiwa.

Nilimkuta amekaa nyuma ya kaunta, miwani puani, anasoma maelezo ya dawa ya kikohozi kwa kidole. Nywele zimekwisha. Nikamwamkia, akaitikia, akasimama kwa furaha kabisa.

"Taya! Umenenepa. Kaa, unywe soda."

"Nikinywa soda sitasema nililokuja kusema."

Nikasema. Nilimwambia chai ya Meja, ukurasa nilioutoa, neno nililobadilisha, dirisha. Nikamwambia kwamba aliniamini nikamsaliti, na kwamba nimekuja kuomba msamaha. Nililia, nikajifuta kwa mtandio. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akavua miwani.

"Nilisoma," akasema.

"Ulisoma nini, Sajenti?"

"Ile ripoti. Kabla ya kutia sahihi. Wewe ulikuwa umetazama dirishani. Meja alianza kuniita mimi. Aliniambia cheo changu kiko mezani, na orodha ya wanaopunguzwa nayo iko mezani hapohapo. Mimi nina watoto wanne ndani ya nyumba ya kambi. Nikamwambia uongo siwezi kuuandika. Akasema hutaandika wewe, ataandika mwingine, wewe utatia sahihi tu. Nikasema sawa, afande."

"Ulijua ni mimi nitakayeandika."

"Nilijua. Tena nilipoona unanikimbia, nilijua kwa nini, nikakuacha. Ulivyobeba wewe, mimi nilipata nafuu. Kwa hilo ndiyo nakuomba unisamehe, binti yangu. Lile lingine nitamjibu Mungu."

Nilikasirika. Sijapata kumkasirikia mtu vile, hata mume wangu. Miaka yote nimekuwa nikiinamia begi ndani ya basi kwa ajili ya mtu huyu! Nikachukua mkoba, nikatoka bila kuaga, nikasimama barabarani. Basi la Itigi likaja, konda akanishika mkono kunipandisha. Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi nilipomwona kwa mawazo mdogo wangu, amepiga magoti juu ya mwenzake mahali fulani, anakaza kifungo kile kwa nguvu zake zote. Nikashuka. Konda akanitukana.

Sajenti alikuwa amekaa palepale, miwani bado mkononi.

"Ile mikanda bado ipo," nikamwambia. "Mdogo wangu anao kwenye begi lake. Wote wanayo."

Hakulijua hilo. Nililiona usoni mwake kwamba hakulijua, alidhani ilishaoza stoo zamani. Mikono yake ikaanza kutafuta kitu juu ya kaunta bila kukipata. Mteja mmoja mama akaingia kuulizia panadoli, akamwambia, "Rudi baadaye, mama, samahani." Akafunga mlango mmoja wa duka, akaacha mwingine wazi ili tupate mwanga, akachana karatasi katikati ya daftari lake.

"Andika," akasema.

"Tutaipeleka kwa nani? Meja mwenyewe ameshastaafu."

"Makao makuu. Wakiitupa, ataitupa mtu aliyekwisha kuisoma."

"Watatuuliza kwa nini tulinyamaza."

"Na hilo tutaliandika."

Akaanza kunisomea maneno. Tuliandika jina la Elia, na saa nane mchana, na jua kali, na kwamba kifungo cha kwanza kilikatika mkononi mwa mtu mwenye uzoefu, na cha pili kikakatika vilevile. Tuliandika kwamba mikanda hiyo sasa iko kwa vijana na iondolewe. Chini kabisa akaniamuru niandike kwamba sisi wawili tulijua. Tukatia sahihi, yeye kwanza.